Samaki "wanaopatana" maana yake nini?

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la samaki wa mapambo hapa Kampala. Muuzaji akamwambia dada mmoja mbele yangu: "Chukua hawa wawili, wanapatana." Hao wawili ni beta madume, wale samaki wadogo wa rangi wanaosifika kwa kupigana, kila mmoja kwenye gilasi yake, katikati pamechomekwa kipande cha boksi. Nilitamani nimuulize kile kipande cha boksi kinafanya kazi gani.

Maana yenyewe ni fupi: samaki wanapatana ikiwa wanaweza kuishi tangi moja, maji ya joto moja, kila mmoja akila na kupumzika bila kujeruhiwa wala kukimbizwa. Basi.

Kinachonikera ni jinsi neno linavyotumiwa. Kupatana ni kupata, ikaongezwa -ana, ileile ya kupendana na kupigana: kila upande unapata kitu. Pale sokoni Nakasero mteja akiongeza kidogo, mwenye mkungu wa matoke naye akipunguza kidogo, husema "tumepatana". Sasa samaki aliyejibanza nyuma ya kichujio siku tatu, mapezi kayabana, hatoki hata chakula kikitiwa, yeye kapata nini? Tena usiku hapa ukishuka hadi nyuzi 17, tangi lisilo na hita hupoa, na beta anayetaka nyuzi 24 hadi 28 huzubaa tu. Mwenye tangi anafurahi: "Wamezoeana!" Wana baridi.

Jina nalo limechangia beta aonekane mgomvi tu. Wathai humwita pla kat, samaki anayeng'ata. Mwaka 1849 mwanasayansi Theodore Cantor akampa jina la kisayansi la pugnax, yaani mgomvi. Mwaka 1910 mtaalamu wa samaki Tate Regan akaona jina hilo lina mwenyewe, samaki mwingine wa jamii hiyohiyo, akamwita huyu Betta splendens, yule anayeng'aa. Ung'aavu tumeusahau, ugomvi tumebaki nao. Kumbe dume analinda eneo. Hujenga kiota cha mapovu juu ya maji na kutunza mayai peke yake, na jike aliyeyataga naye hufukuzwa. Ngege dume kule ziwani pia ana shimo lake la kuzalia na hataki dume mwenzake alisogelee, lakini sijasikia akiitwa mpiganaji.

Tofauti ni kwamba kwenye mashamba ya mpunga ya Thailand aliyezidiwa huogelea akaenda zake. Kwenye tangi hana pa kwenda, na hawa wa madukani wametokana na vizazi vingi vilivyochaguliwa kwa ajili ya mapigano. Ndiyo maana hata gapi, samaki mwingine mdogo wa mapambo, akiwa na mkia mrefu wa rangi huraruliwa: beta humdhania dume mwenzake.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa dukani, beta mmoja na konokono wake ukisema wanapatana, sina neno. Hao madume wawili, sema tu bado hawajaonana.