Kusaga meno usiku: si minyoo, na mara nyingi si meno yenyewe

Bwenini tulikuwa na mwenzetu aliyesaga meno usiku hadi wa kitanda cha juu akaomba kuhama. Matroni akampa dawa ya minyoo. Muhula uliofuata akampa tena. Nina hakika hakubaki na mnyoo hata mmoja tumboni, lakini meno aliyasaga mpaka tukamaliza kidato cha nne.

Dhana: Mtoto anayesaga meno ana minyoo.

Dawa ya minyoo ina faida yake, na watoto wetu huipata shuleni kwa utaratibu. Ila kusaga meno si kipimo cha minyoo. Watoto wengi husaga, na wengi wao huacha wenyewe wanapokua. Cha kusikiliza zaidi ni pumzi: je, anakoroma? Analala mdomo wazi? Tonsili zikiwa kubwa, au nyama za nyuma ya pua zikiziba njia ya hewa, usingizi hukatikakatika, na kusaga meno mara nyingi huandamana na hali hiyo. Huyo anahitaji daktari wa masikio, pua na koo.

Dhana: Meno yasiyokutana vizuri ndiyo yanayomfanya mtu asage.

Hii imeshikwa hata na wasomi, na madaktari wa meno waliifundishwa kwa miongo mingi. Mwaka 1961 Sigurd Ramfjord, mtaalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alieleza kwamba jino moja likitangulia kugusa, taya hulihangaikia kulisaga, kama mguu unavyohangaikia kokoto ndani ya kiatu. Maelezo yanaingia akilini vizuri sana. Baadaye watafiti waliamua kuliweka hilo kokoto kwa makusudi: waliwawekea watu jino lenye kimo cha kuzidi, kisha wakaipima misuli ya taya usingizini. Kusaga hakukuongezeka. Kwa baadhi yao kulipungua.

Vipimo vya usingizi vilionyesha mfuatano wenyewe. Kwanza mawimbi ya ubongo hubadilika, mtu akiwa kama anataka kuzinduka. Moyo huongeza kasi. Kisha misuli ya kutafunia hujikaza, na mwisho kabisa ndipo meno hukutana. Jino tunalolishtaki limefika la mwisho kwenye eneo la tukio. Ndiyo maana wapo watu wenye meno yaliyopangika kama punje za mahindi na wanasaga, na wapo wenye mapengo na meno yaliyotokeza ambao hulala kimya.

Kemikali za ubongo zinaingia hapa, na ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye dawa. Wapo wanaoanza kutumia dawa za sonona zinazogusa serotonini, kama fluoxetine au sertraline, na baada ya muda wakajikuta wanabana taya. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinazozuia dopamini huleta hali kama hiyo. Amfetamini na vidonge vya MDMA, ambavyo ni dawa za kuchangamsha mwili, vinajulikana kwa kukaza taya usiku kucha. Meno ya watu hao yalikuwa palepale. Kilichobadilika ni kemia tu. Sigara, pombe na kahawa nyingi navyo huonekana zaidi kwa wanaosaga. Na kwa wala miraa: kathinoni iliyomo ni jamaa wa karibu wa amfetamini, juu ya hapo kuna saa nzima nzima za kutafuna, upande mmoja. Kiungo cha taya hakipati likizo. (Kama unatumia dawa ya sonona, usiiache kwa sababu ya meno. Mwambie daktari wako. Dozi au aina ya dawa inaweza kubadilishwa.)

Dhana: Ni mawazo tu.

Nusu ni kweli. Kuna kusaga kwa usiku na kuna kubana kwa mchana, na msongo wa mawazo umeshikamana zaidi na huku kwa mchana: dereva kwenye foleni, mwanafunzi chumba cha mtihani, fundi anayetunga uzi kwenye sindano. Kwa kawaida meno ya juu na ya chini hugusana takriban dakika 20 tu katika saa 24, kula na kumeza vikiwemo. Sasa hivi unaposoma, yako yamegusana? Midomo ifungwe, meno yaachane. Wakati wa janga la UVIKO, chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliwauliza wanachama wake, na mwaka 2021 zaidi ya asilimia 70 walisema wagonjwa wanaosaga na kubana wameongezeka.

Dhana: Rekebisha meno, wasiwasi na sonona vitaondoka.

Chanzo chake ni maabara. Nchini Japani, panya walioinuliwa kimo cha meno kwa gundi ngumu walipandisha homoni za msongo na wakasahau njia walizojifunza. Lakini huko huko Japani panya waliobanwa wasiweze kujongea, wakapewa kijiti wang'ate, ubongo wao ulionyesha dalili ndogo zaidi za msongo. Kwa hiyo kung'ata kunaweza kuwa njia ya mwili ya kujituliza. Kutoka hapo hadi kumwambia binadamu kwamba sonona yake itatibiwa kwa kusawazishwa meno ni mruko mrefu mno. Mapitio ya mwaka 2003 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima kwa pamoja matokeo ya tafiti nyingi za tiba, hayakupata ushahidi kwamba kuchonga meno kunatibu au kuzuia maumivu ya kiungo cha taya. Na enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ikichongwa hairudi.

Wapo pia wanaohisi meno hayakutani sawasawa hata yanapokutana. Joseph Marbach, daktari wa meno wa Marekani, alilieleza tatizo hilo mwaka 1976. Wanazunguka kliniki baada ya kliniki, kila daktari anachonga kidogo, na kila mchongo unaongeza hangaiko.

Uhusiano ambao sina shaka nao ni huu: msichana anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka. Kwake, nyaya za kunyoosha meno zinaweza kuleta ahueni ya kweli.

Dhana: Kifaa cha kuvaa mdomoni usiku kinatibu kusaga.

Hapana, kinakinga meno tu. Ukikikuta kimechimbika baada ya miezi michache, usikirudishe ukidai ni feki: pale palipochimbika pangekuwa jino lako.