Kwa Nini Ndege Iendayo Kiwanja cha Kijijini Huandikiwa ZZZZ?

Anayeishi Dodoma mjini huzoea kuona ndege za namna mbili. Zipo zile kubwa za abiria, ambazo ziendako hujulikana na kila mwenye tiketi, na zipo ndege ndogo za injini moja ambazo huruka kutoka uwanja uleule, hukata kona juu ya mabati ya mji na kupotelea upande wa nyika, kuelekea mahali pasipo na mnara, taa wala uzio, ambapo mtu aliyetumwa mapema huwa anafukuza mbuzi kwenye njia ya kutua. Rubani wa ndege hiyo ya pili huwaambiaje waongozaji ndege kwamba anakwenda huko, ilhali kiwanja chenyewe hakimo katika orodha ya kimataifa ya viwanja?

Jibu nililokuwa nalo kwa miaka kadhaa lilikuwa baya kuliko kutokuwa na jibu. Niliwahi kuiona fomu ya mpango wa safari ya ndege ndogo, na katika kisanduku cha kiwanja cha mwisho yaliandikwa maneno yasiyosomeka kama maneno: ZZZZ. Kwa kuwa Dodoma ni makao makuu ya nchi, nilihitimisha papo hapo kwamba hiyo ni safari ya siri ya kiserikali, na nikaendelea kuwaeleza wengine jambo hilo kwa uhakika ambao leo unanitia haya. Rubani aliyekuja kunisahihisha alicheka kwanza. Safari ile ya siri ilikuwa imempeleka daktari wa meno kijijini.

Kosa hilo lilisimama juu ya kosa jingine kubwa zaidi, ambalo nadhani wengi wanalo bila kujua. Nilidhani mwongozaji ndege humwelekeza rubani tangu mwanzo hadi mwisho wa safari, kama utingo anayemrudisha nyuma dereva wa lori: njoo, njoo, kata kulia, basi. Kwa fikra hiyo, mwongozaji asiyekijua kiwanja asingeweza kuiruhusu ndege iende huko, na herufi zisizo na maana zingekuwapo tu ikiwa kuna jambo linafichwa. Ukweli ni kwamba ndege ndogo irukayo chini, ambayo rubani wake hujiongoza kwa kuiona ardhi, kwa kawaida hutoka mapema katika eneo linaloongozwa na mnara na kuingia katika anga ambamo wahusika wa ardhini humpa taarifa tu, si amri. (Mipaka ya maeneo hayo hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya uwanja na uwanja, kwa hiyo hapa nasema kwa jumla.) Akifika kijijini, rubani huzunguka juu ya kiwanja, hutazama vumbi au moshi ili kujua upepo unatoka wapi, huhakikisha mbuzi wameondoka, kisha hutua kwa macho yake mwenyewe. Hakuna mtu Dodoma anayemwambia akate kulia.

Hivyo mwongozaji hahitaji kukijua kiwanja kama dereva ajuavyo njia. Anahitaji kitu kingine, ambacho nitakifikia baada ya kueleza zile herufi.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hukipa kila kiwanja kilichosajiliwa kwake herufi nne. Viwanja vya Tanzania huanza na HT: Dodoma ni HTDO, Dar es Salaam ni HTDA, Kilimanjaro ni HTKJ. Herufi hizi si zile tatu za kwenye lebo ya begi, ambazo kwa Dodoma ni DOD. Hizo ni za mashirika ya ndege na abiria wao, na waongozaji hawazitumii. Udogo peke yake haukinyimi kiwanja herufi nne. Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, ni HTSN. Tatizo ni kwamba viwanja vingi vya vijiji, misheni na kambi havijawahi kupewa.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lina uzito, tufikirie barua. Kwa muda mrefu barua za Tanzania hazikupelekwa nyumbani kwa mtu bali katika sanduku lake la posta, na anwani ikawa S.L.P. na jina la mji. Herufi nne za kiwanja hufanya kazi hiyohiyo, kwa sababu si jina tu, bali ni mwanzo wa anwani ambayo ujumbe wa safari hutumwa. Mtandao wa ujumbe wa usafiri wa anga hutumia anwani za herufi nane. HTDOZTZX, kwa mfano, ni mnara wa Dodoma: nne za kwanza ni mahali, tatu zinazofuata ni idara, na ya mwisho ni ya kujazia nafasi. Ndege ikitoka Dar es Salaam kuja Dodoma, mpango wake wa safari huingia katika sanduku hilo bila mtu kuuliza Dodoma iko wapi.

Sasa mfikirie mzee wa kijijini asiye na sanduku. Watu hawakuacha kumwandikia. Waliandika jina lake, kisha wakaongeza "kwa kupitia Shule ya Msingi" fulani, S.L.P. ya shule, Kongwa. Barua ililala katika sanduku la mwingine, mwalimu akaichukua, na mtoto akaibeba hadi nyumbani kwa mzee. Mpangaji barua wa posta hakuhitaji kumjua mzee; alihitaji kujua tu kwamba hana sanduku lake, na kwamba maelezo ya ziada yameandikwa juu ya bahasha.

ZZZZ ndiyo "kwa kupitia" ya anga. Kisanduku cha kiwanja katika fomu hupokea herufi nne kamili, si tatu wala jina refu, na kompyuta inayoipokea haibembelezeki. Kwa hiyo mahali pasipo na herufi rasmi hujazwa ZZZZ, ambazo hazijapewa kiwanja chochote duniani, na maana yake ni moja tu: usitafute hapa, soma kisanduku cha 18. Huko chini, baada ya alama DEST/, rubani huandika jina la mahali na mahali penyewe palipo. Nilipoirudia kichwani ile fomu yangu ya safari ya siri, nilikumbuka kwamba sikuwahi kusoma kisanduku cha 18. Jina la kijiji bila shaka lilikuwa pale, mistari michache chini, kwa herufi kubwa.

Jina peke yake halitoshi, na kanda ya kati ina mfano mzuri wa sababu. Ipo Makutupora ya Dodoma, yenye kambi ya JKT, na ipo Makutupora ya Manyoni mkoani Singida, ambayo wengi waliisikia kwa ajili ya reli ya kisasa. Mtu wa Dodoma huzitofautisha kwa kusikiliza mazungumzo. Ujumbe wa maandishi katika mtandao wa usafiri wa anga hauna masikio hayo. Kwa hiyo mahali hutajwa kwa vipimo vya latitudo na longitudo, katika mpangilio usiobadilika: tarakimu nne na herufi, kisha tarakimu tano na herufi. Uwanja wa Dodoma ungekuwa 0610S03545E, yaani nyuzi 6 na dakika 10 kusini, nyuzi 35 na dakika 45 mashariki. Tuseme kiwanja cha kijiji kipo 0555S03610E. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852, na kwa kuwa Dodoma haiko mbali na ikweta, dakika ya longitudo hapa ina urefu karibu uleule. Hivyo mtu mwenye kalamu tu anaweza kuona kwamba kiwanja kile kipo maili 15 kaskazini na takriban 25 mashariki, jumla ya kama maili 29 kwa mstari ulionyooka. Njia nyingine inayokubalika ni kutaja alama inayojulikana, kisha tarakimu tatu za mwelekeo wa dira na tatu za umbali. Kwenye redio, rubani husema jambo lilelile kwa maneno: jina, upande na maili.

Usahihi wa dakika nzima unaweza kumwacha mtu karibu kilomita moja kutoka kwenye kiwanja chenyewe. Kwa kutua, huo ni upuuzi. Kwa kutafuta ndege iliyopotea, ni neema, na hapa ndipo kilipo kitu ambacho mwongozaji anakihitaji hasa.

Mpango wa safari ni ahadi yenye saa. Tuchukulie ndege yetu inaondoka Dodoma saa 0700 na itatumia dakika 15. Katika fomu itaandikwa HTDO0700, kisha ZZZZ0015. Hizo 0700 ni saa za dunia, zilizo nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu, kwa hiyo saa ya ukutani inasema 10:00, na sisi kwa ulimi wetu tunasema saa nne asubuhi. Nne, saba, kumi: saa ya marubani hukaa katikati kamili ya namna zetu mbili za kutaja wakati, jambo lisilo na faida yoyote lakini ambalo sijaweza kuacha kulifurahia tangu nilipoligundua.

Ndege inatarajiwa saa nne na robo. Ikipita nusu saa baada ya hapo bila habari, yaani saa tano kasorobo, kanuni za kimataifa huihesabu kuwa katika hatua ya mashaka, iitwayo INCERFA. Ulizo likikosa majibu hufuata ALERFA, hatua ya tahadhari, na likipanuliwa bila mafanikio, au mafuta yakihesabiwa kuwa yamekwisha, hufuata DETRESFA, hatua ya dhiki. Saa za mafuta, idadi ya watu na rangi ya ndege vimo katika kisanduku cha 19, ambacho kwa kawaida hakisambazwi pamoja na ujumbe. Hubaki pale fomu ilipopokelewa, kikisubiri siku ya kuulizwa.

Saa hiyo ya kusubiri lazima mtu aizime. Penye mnara, mnara wenyewe huona ndege imetua. Pale kijijini hakuna wa kuona ila mbuzi, kwa hiyo wajibu ni wa rubani: pale taarifa ya kuwasili inapotakiwa, huitoa kwa njia ya haraka iliyopo kwa kituo cha karibu, ambayo siku hizi inaweza kuwa simu ya mkononi. Kama anajua mtandao haupo, husema kwa redio muda mfupi kabla ya kutua, akiwa bado juu kiasi cha kusikika. Na wakati wa kurudi, kama hakupata pa kuwasilisha fomu, anaweza kuutoa mpango wake angani baada ya kuruka; hapo kisanduku cha kuondokea huandikwa AFIL, herufi nne nyingine zisizo kiwanja chochote, na safari hii cha kufikia huandikwa HTDO.