Omena kwenye gazeti: wino unaishia wapi?

Nikinunua omena (dagaa) kavu sokoni Kibuye, Kisumu, nikafungiwa kwa gazeti, kuna ubaya? Si ni kavu?

Ukavu hausaidii. Kinachohama hapa ni mafuta ya madini, ya ukoo mmoja na dizeli, yaliyomo kwenye wino wa magazeti. Wino huo haukauki kabisa: pitisha kidole kwenye gazeti la leo, kisha ukitazame. Omena nayo, hata ikikauka hadi ikavunjika mkononi, bado ina mafuta yake, na mafuta hufuata mafuta. Njugu karanga ni vivyo hivyo, tena mbaya zaidi zikifungwa zikiwa moto kutoka kwenye sufuria.

Na chakula cha boksi, ambacho hakigusi wino?

Hapo ndipo wengi hushangaa. Maboksi mengi ya kijivu hutengenezwa kwa karatasi kuukuu, magazeti yakiwemo. Sehemu nyepesi ya mafuta hayo hugeuka mvuke kwenye joto la kawaida la nyumba (na joto la Kisumu mnalijua), ikapenya kimfuko chembamba cha plastiki kilichomo ndani, ikanaswa na chakula. Watafiti wa maabara ya Zurich, Uswisi, waliyakuta mafuta haya hata kwenye mchele na tambi. Kinachozuia vizuri ni utando wa alumini.

Nitaugua?

Si leo wala kesho. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya huyagawa mafuta haya makundi mawili. La kwanza hulundikana mwilini, ila mwaka 2023 mamlaka hiyo ilisema kwamba kwa kiasi wanachokula Wazungu sasa halitishi afya. La pili ndilo la kuangaliwa: baadhi yake yanaweza kuharibu vinasaba na kuleta saratani. India ilishawaonya wananchi wake mwaka 2016 waache kufungia chakula kwa magazeti.

Basi nirudie plastiki?

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na hata isingepigwa, njugu zenye unyevu zikifungwa kwenye plastiki huota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Kati ya wino na ukungu, mimi naogopa ukungu kwanza.

Nenda sokoni na kopo lako lenye mfuniko, mama akupimie gorogoro humo humo. Kuosha omena huondoa mchanga, si mafuta yaliyokwisha kuingia.

Mimi ndiye muuzaji, na gazeti ndilo rahisi.

Najua. Tafuta karatasi mpya isiyochapishwa, nyeupe au ya khaki. Kurasa za madaftari ya shule zimejaa wino na vidole vya watoto. Ukikosa pesa ya kutosha, weka karatasi safi ndani na gazeti nje, kisha mwambie mteja amimine njugu kwenye chombo akifika nyumbani. Nusu saa ndani ya pochi si sawa na wiki mbili kabatini.