Abe Reles: muuaji wa kukodiwa aliyetaja kila kitu, akafa akiwa chini ya ulinzi wa polisi

Kwenye kazi yetu ya kuelimisha watu sheria kuna swali linarudi kila mara: hivi mtu aliyeua kabisa anaweza kusamehewa na serikali ili tu awataje wenzake? Anaweza, na inafanyika sehemu nyingi duniani. Ukitaka kuona faida yake na hatari yake kwa pamoja, sijui mfano mzuri kuliko wa Abe Reles wa Brooklyn, New York.

Reles alizaliwa 1906 kwa wahamiaji Wayahudi maskini, akakulia Brownsville, mtaa wa vyumba vya kubanana na vijana wengi wasio na kazi. Alikuwa mfupi lakini mkatili sana, akajulikana kama Kid Twist. Pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani tangu 1920 kwahiyo magendo yalilipa, halafu uchumi ukaanguka 1929 na ajira halali zikapotea. Reles na rafiki zake Martin Goldstein na Harry Strauss wakaamua kuwanyang'anya ndugu watatu wa familia ya Shapiro biashara ya mashine za kamari. Irving na Meyer Shapiro waliuawa 1931, William akafuata 1934.

Sasa hapo ndo wakubwa wakawaona. Louis Buchalter, maarufu kama Lepke, alikuwa anakamua pesa kwa viwanda vya nguo, madereva wa malori na waoka mikate, na pamoja na Albert Anastasia, bosi mwingine wa mafia, wakawa wanawatumia hawa vijana wa Brownsville kuua kwa malipo. Magazeti baadaye yakaliita kundi hilo Murder Inc., yaani Kampuni ya Mauaji. Kituo chao kilikuwa duka dogo la pipi kwenye kona ya Saratoga na Livonia, chini ya reli ya juu, wanakaa pale kama vijana wa kijiweni wanasubiri simu. Silaha ya Reles ilikuwa ile chuma nyembamba yenye ncha ya kuvunjia barafu.

Kwanini polisi walishindwa miaka yote hiyo? Mpelelezi akikuta maiti kitu cha kwanza anauliza marehemu aligombana na nani, sasa hawa jamaa walikuwa wanamuua mtu wasiyemjua, wala hawana deni naye, mara nyingine wanatumwa mji mwingine kabisa wanamaliza wanarudi nyumbani, kwahiyo aliyeua hana sababu na mwenye sababu yuko mbali na watu wa kumshuhudia. Kesi ya namna hiyo haivunjiki kutokea nje, lazima mtu wa ndani aongee.

Mwanzoni mwa 1940 Reles akakamatwa kwa mauaji ya Alex Alpert yaliyotokea 1933. Akaona wenzake wanaweza kumtaja kabla yake, akaamua awe wa kwanza. Mke wake, akiwa mjamzito, akaenda ofisi ya mwendesha mashtaka wa Brooklyn, William O'Dwyer, akasema mume wangu anataka kuongea. Wakapatana asishtakiwe kwa aliyoyakiri. Aliongea siku 12, makarani wakajaza madaftari 25, na mauaji aliyoyaelezea yalikuwa kama 85 kwa Brooklyn peke yake.

Lakini naomba hapa msomaji uwe makini. Sheria ya New York ilisema ushahidi wa mshiriki wa kosa peke yake hautoshi kumtia mtu hatiani, lazima kuwe na ushahidi mwingine wa kuunga mkono kutoka kwa mtu asiyehusika. Mimi naona ni sheria ya haki kabisa, maana mtu anayeokoa shingo yake anaweza kumtaja yeyote. Reles aliijua vizuri, kwahiyo alikuwa anawaonyesha waendesha mashtaka wapi pa kupata huo ushahidi wa pili. Kwa maneno yake Strauss na Goldstein, rafiki zake wa tangu ujana, walikalishwa kwenye kiti cha umeme Juni 1941. Harry Maione na Frank Abbandando, wauaji wengine wa kundi hilo, wakafuata Februari 1942.

Yeye mwenyewe hakufika huko. Walimficha na mashahidi wengine ghorofa ya sita ya hoteli ya Half Moon, Coney Island, polisi wakilinda usiku na mchana. Asubuhi ya tarehe 12 Novemba 1941, kesi ya Lepke ikiwa inaendelea, akakutwa amekufa chini ya dirisha la chumba chake, na pale palikuwa na mashuka yaliyofungwa pamoja na waya. Baraza la uchunguzi la 1951 likasema alianguka akijaribu kutoroka. Wengi hawakuamini, na kwa kweli hata kama ni ajali mimi naona walinzi hawana utetezi, maana shahidi unayemlinda ukimpoteza kwa namna yoyote ile umeshindwa kazi. Polisi wa zamu walishushwa vyeo.

Lepke hakupona, kwasababu kulikuwa na mashahidi wengine. Alitiwa hatiani kwa kuua Joseph Rosen, mwenye duka na mtu wa malori aliyekuwa ameharibiwa biashara yake na kundi hilo, akapigwa risasi 1936. Lepke aliuawa kwenye kiti cha umeme Machi 1944 gereza la Sing Sing. Ila kesi ya Anastasia ilikuwa imemtegemea Reles, ikafa naye, jamaa akatamba mtaani hadi alipopigwa risasi akaufa akiwa kwa kinyozi 1957.

Marekani ilikuja kupata sheria rasmi ya kuhamisha mashahidi na kuwapa majina mapya 1970. Kenya walitunga yao 2006, na Tanzania 2015 tukapata ya kulinda watoa taarifa na mashahidi, kwahiyo ukiwa na taarifa za uhalifu na unaogopa, uliza kuhusu ulinzi huo kabla hujaandika maelezo yako polisi.