Pigo moja la ngoma na safari yake ndani ya waya: MIDI 2.0 kwa wapigaji wa ngoma za kielektroniki

Mpigaji anaposhusha kijiti juu ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, mambo yote yanayohusu pigo lile huamuliwa ndani ya milisekunde chache: nguvu yake, mahali kijiti kilipotua, kama kimegusa wambo peke yake au na ukingo pia, na wakati halisi wa kutua kwake. Mpiga kinanda akishabonyeza kibao anaweza kuendelea kukikandamiza, akapindisha sauti kwa gurudumu, kisha akakiachia polepole. Mpiga ngoma hana nafasi hiyo, kwa kuwa kijiti chake kimekwisha kuruka. Kazi yangu ni kurekebisha na kupanga moduli za ngoma za kielektroniki, yaani visanduku vinavyopokea mapigo kutoka kwenye pedi zinazopigwa na kuyageuza kuwa sauti na maagizo, na kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuna ala inayoonyesha upungufu wa MIDI ya zamani, lugha ambayo ala za kielektroniki na kompyuta huzungumziana, waziwazi kuliko ngoma. Ninaamini pia kwamba ngoma zitafaidika sana na MIDI 2.0, ingawa faida kubwa haiko katika zile tarakimu zinazotangazwa zaidi.

MIDI haibebi sauti, bali hubeba maagizo: noti fulani ianze, kwa nguvu fulani, kwenye chaneli fulani, yaani njia iliyotengwa kwa ala fulani. Wazo la lugha moja ya kuunganisha ala za kampuni tofauti lilisukumwa na Dave Smith wa Sequential Circuits nchini Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Roland nchini Japani, na Januari 1983, katika NAMM, maonyesho ya biashara ya ala za muziki nchini Marekani, Prophet-600 iliunganishwa hadharani na Jupiter-6 zikasikilizana. Zote mbili zilikuwa sinthesaiza, ala zinazounda sauti kwa umeme, zenye vibao vya kinanda, na lugha yenyewe ina lafudhi ya kinanda mpaka leo. Kila noti inayowashwa lazima izimwe, hata kama ni pigo la snea ambalo halina kitu cha kuzima. Kwa hiyo moduli ya ngoma hulazimika kutunga ujumbe wa kuzima na kuutuma baada ya muda uliopangwa, kana kwamba kuna kidole kilichoondoka kwenye kibao.

Waya wa pini tano wa mwaka 1983 hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, moja baada ya nyingine. Kila baiti hutumia biti 10 pamoja na ile ya kuanzia na ile ya kumalizia, yaani mikrosekunde 320, na ujumbe wa kuwasha noti una baiti tatu, kwa hiyo unachukua karibu milisekunde moja. Kwa noti moja si kitu. Lakini mpiga ngoma ana viungo vinne, na pigo la kwanza la kipande kipya cha muziki mara nyingi huvikusanya vyote: ngoma ya besi, snea, toazi la krashi na pedali ya hai-hati, jozi ya matoazi yanayobanwa kwa mguu. Hata moduli ikifupisha kwa kutorudia baiti ya kwanza ya kila ujumbe, ujumbe wa nne humalizika kufika baada ya milisekunde 2.88. Mapigo yaliyotua pamoja yanafika yamepangwa foleni. Milisekunde tatu ni sawa na sauti kusafiri mita moja hewani, na hakuna msikilizaji atakayelalamika. Tatizo ni kwamba foleni hiyo haina urefu mmoja, kwani hurefuka na kufupika kulingana na kinachopigwa, na kuyumba huko ndiko kunakoharibu mapigo mawili yanayofuatana kwa karibu sana, ambayo ladha yake yote iko katika nafasi iliyo kati yao. USB iliondoa sehemu kubwa ya foleni hiyo, lakini ilibeba ujumbe uleule wa zamani.

Hai-hati ndiyo inayonipa kazi kuliko pedi nyingine zote, na ndiyo mfano ninaoutumia kumweleza yeyote anayeniuliza kwa nini kiwango kipya kilihitajika. Matoazi yake mawili hufunguka na kufungana kwa mguu, na kati ya kufungwa kabisa na kufunguliwa kabisa kuna hali nyingi ambazo sikio huzitofautisha bila shida. MIDI ya kwanza haina namna ya kuiambia noti moja, "Pigo hili limepigwa mguu ukiwa hapa." Kinachofanyika ni kwamba moduli hutuma mkondo wa ujumbe wa kidhibiti, yaani namba zinazoeleza mkao wa mguu, kwa kawaida kidhibiti namba 4, kilichowekwa awali kwa ajili ya pedali ya mguu, na programu inayopokea hutazama thamani ya mwisho iliyofika kabla ya noti. Ujumbe wa kidhibiti ukichelewa kidogo nyuma ya noti, programu hucheza sauti ya matoazi yaliyofunguka wakati mguu ulikuwa umekwisha kuyabana. Nimewahi kukaa na rekodi nzima ya mpigaji hodari ambaye hai-hati yake ilisikika kama inavuja kila baada ya mapigo machache, na mwanzoni niliilaumu pedali. Nilipofungua orodha ya ujumbe niliona kwamba moduli, kwa uamuzi wa aliyeitengeneza, ilitanguliza noti na kufuatisha hali ya mguu. Nilizisogeza thamani zile nyuma moja baada ya nyingine, kazi iliyonichukua siku mbili, ili tu kurudisha jambo ambalo mguu wa mpigaji ulikuwa umelifanya sawasawa tangu mwanzo.

Mahali kijiti kilipotua kwenye wambo hubebwa kwa njia hiyohiyo, kupitia kidhibiti kinachosafiri kando ya noti na kuhusu chaneli nzima. Kulikaba toazi kwa vidole hutumwa mara nyingi kwa ujumbe wa shinikizo la noti mojamoja, ambao ulikusudiwa mpiga kinanda anayekandamiza kibao zaidi baada ya kukibonyeza. Wahandisi walitumia walichokuwa nacho, na ninawaheshimu kwa ubunifu huo. Hata hivyo, hakuna kifungu kilichowalazimisha wote kuchagua njia ileile.

Kuhusu namba za noti hali ni afadhali kidogo. General MIDI ya mwaka 1991, makubaliano ya pamoja ya kupanga sauti na namba zake, iliziweka ngoma kwenye chaneli ya 10 na kugawa namba: 36 kwa ngoma ya besi, 38 kwa snea, 42 kwa hai-hati iliyofungwa, 46 kwa iliyofunguliwa, 49 kwa krashi, 51 kwa toazi la raidi. Orodha hiyo, inayoanzia 35 na kuishia 81, ilitungwa kabla pedi hazijaweza kutofautisha ukingo wa toazi, mwili wake na kengele yake ya katikati. Uwezo huo ulipokuja, kila mtengenezaji alitafuta namba zake mwenyewe, wengine chini ya 35, na ndiyo maana pedi inayolia vizuri kwenye moduli moja huweza kunyamaza kimya ikiunganishwa na programu nyingine mpaka mtu akae achore ramani upya.

MIDI 2.0, iliyopitishwa Januari 2020 na vyama vya watengenezaji vya Marekani na Japani, inajulikana zaidi kwa ukubwa wa tarakimu zake. Nguvu ya pigo, iliyokuwa na ngazi 127 kwa biti saba, sasa ina biti 16, yaani thamani 65,536, na vidhibiti vina biti 32. Ninakubali kwamba ngazi 127 ni chache kwa mapigo hafifu ya snea, yale yanayobanana chini kabisa ya kipimo, ambapo tofauti ya ngazi moja inaweza kusikika. Lakini ngazi hizo mpya hazina maana kubwa kuliko kipimo kinachozijaza. Chini ya wambo kuna kihisi cha piezo, kinachotoa umeme kinapotikiswa, na moduli hugeuza umeme wake kuwa namba. Ikitumia kigeuzi cha biti 12 itapata ngazi 4,096 tu, na sehemu ya hizo imezama katika mtikisiko wa stendi na mwangwi wa pedi za jirani. Tena, moduli haiwezi kujua nguvu ya pigo pale kijiti kinapogusa. Hungoja milisekunde moja au mbili wimbi lifike kileleni, kisha huziba masikio kwa muda ili mtetemo wa wambo usihesabiwe kama pigo la pili. Hakuna itifaki inayoweza kurudisha pigo ambalo moduli ililitupa katika muda huo.

Kinachonifurahisha ni umbo la ujumbe wenyewe. Ujumbe wa kuwasha noti katika MIDI 2.0 ni pakiti moja ya biti 64, na ndani yake, pamoja na namba ya noti na nguvu ya pigo, kuna nafasi ya sifa ya noti yenye biti 16. Maana ya sifa hiyo inaweza kuwekwa na wasifu, yaani seti ya kanuni za aina fulani ya ala, ambao vifaa viwili vimekubaliana. Mahali pa kijiti kwenye wambo, au hali ya mguu kwenye hai-hati, kunaweza kusafiri ndani ya pakiti ileile ya pigo, bila kutangulia wala kuchelewa. Yale yanayobadilika baada ya pigo, kama vile toazi kukabwa, yana vidhibiti vya noti mojamoja, kwa hiyo unaweza kuikaba krashi bila kugusa raidi iliyo kwenye chaneli hiyohiyo. Na noti yenye nguvu sifuri haihesabiwi tena kuwa ni kuzimwa kwa noti, desturi ya zamani iliyoifanya thamani hiyo isitumike kwa pigo lolote.

Kwa wakati, kiwango kipya kina mihuri ya saa ya hiari, yaani alama zinazoonyesha ujumbe ulitumwa lini, yenye hatua ya mikrosekunde 32. Mihuri hiyo haiharakishi chochote. Mpigaji anayejisikiliza kwenye spika za masikioni atasikia uchelewaji uleule. Faida yake iko kwenye rekodi: uchelewaji usiobadilika unarekebishwa kwa kuivuta rekodi yote nyuma mara moja, ilhali kuyumba kunadai mkono kwa kila pigo.

Sehemu ngumu zaidi ni makubaliano. Vifaa vya MIDI 2.0 vinaweza kuulizana vina uwezo gani na vinafuata wasifu upi, jambo linalohitaji mawasiliano ya pande mbili, na kwa mnyororo mrefu linahitaji kila kiungo kiwemo. macOS iliupokea mpangilio wa pakiti mpya tangu toleo la 11, kiini cha Linux tangu 6.5, na Android tangu 13. Lakini moduli ikizungumza lugha mpya na programu ya kurekodia ikajua ya zamani tu, ujumbe hutafsiriwa kushuka: nguvu inarudi biti saba, na sifa ya noti inadondoka njiani. Kwa sababu hiyo ninapopokea moduli mpya siku hizi siangalii kwanza imeandikwa toleo gani. Ninaiunganisha na kompyuta, ninapiga hai-hati mara kumi huku nikifungua mguu taratibu, kisha ninasoma orodha ya ujumbe mstari kwa mstari nione hali ya mguu imefika kabla ya pigo, baada yake, au pamoja nalo.