Kwa nini transfoma ya volti 12 inakupa volti 17?

Nilikuwa naunda pawa saplai ya redio ya gari niisikilizie nyumbani, hapa Busia upande wa Uganda. Transfoma imeandikwa 240V kwa 12V, nikaunga daiodi nne na kapasita, kupima na mita nakuta 17! Nikajua hii ni feki, nikairudisha dukani nikapewa nyingine, nayo 17. Sikujali, nikaacha pale pale kapasita yangu ya 16V, yaani inayovumilia mwisho volti 16, haikukaa sana ikavimba kichwa ikapasuka, majimaji yakaruka mpaka ukutani.

Transfoma haikuwa na kosa. Ile 12 ya AC, yaani stima inayopanda na kushuka kama wimbi, siyo kimo cha kilele cha wimbi, maana yake ni kwamba stima hiyo inapasha balbu moto sawasawa na betri ya volti 12. Wimbi lenyewe linapita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kileleni linafika 12 mara 1.414, yaani karibu 17. Ndiyo maana ukipima baada ya daiodi kabla hujaweka kapasita, mita inaonyesha wastani, kama 10 au 11 hivi, ukiweka kapasita inaruka 17, na hakuna stima yoyote uliyoongeza. Mimi hapo ndipo napapenda kabisa.

Nenda mwaloni Majanji ukaangalie ziwa. Chukua mfano umejenga beseni la saruji ufukweni, lina kamlango kanakofunguka kwa ndani tu. Wimbi likija maji yanaingia, likirudi kamlango kanajifunga, kwa hiyo maji ya beseni yatakaa kwenye kimo cha wimbi refu kuliko yote, hayakai kwenye kimo cha wastani wa ziwa. Kamlango ndiyo daiodi, beseni ndiyo kapasita. Sasa mtu akianza kuchota na jerikani, maji yanashuka kidogo kati ya wimbi na wimbi. Huyo mchotaji ndiyo redio yako.

Kwa hiyo ukiwasha redio hiyo 17 inashuka, daiodi mbili zinakula kama volti 1.4, unabaki na 15.6 kileleni. Bila mzigo, yaani redio ikiwa imezimwa, inaweza hata kupita 17, kwa sababu transfoma ndogo nyingi hutoa zaidi ya ilichoandikwa, inategemea ilivyosukwa. Kapasita nunua ya 25V, na upande wa 240 usiguse chochote kabla hujachomoa plagi, tafadhali sana, huo unaua.

Ile ziada usiichukie, regyuleta ya 7812, kile kifaa kinachoshikilia volti isipande wala kushuka, inataka kama 14 iingie ndiyo itoe 12 safi. Nilipoweka kapasita ya 2200 maikrofaradi, redio ikila ampia 1, maji yalikuwa yanashuka volti 3 hadi 4 kila wimbi, regyuleta inakosa, spika inanguruma mmmm. Nikaweka 6800, ngurumo ikaisha.