Je, wajua kwa nini karantini ilivuruga akili za watu hata wale ambao hawakuwa na Korona?

Hili swali lilizunguka sana kwa vijiwe vya boda hapa Kisumu mwaka wa 2020, na jibu la haraka lilikuwa kwamba mtu wa hivyo ni mwoga tu. Mtu amepimwa akapatikana yuko sawa, amekaa siku 14 kwa kitanda analetewa chakula, halafu anatoka amekonda, usiku halali, simu ikilia anashtuka, sasa kilichomla ni nini na ugonjwa hakuwa nao? Jibu ni kwamba virusi vilikuwa sehemu ndogo tu ya hiyo shida. Kilichoumiza zaidi ni kutojua mwisho wa kile kifungo, na aibu ya kutoka ukiwa na doa ambalo hukujipaka.

Kwanza tuwekane sawa kidogo. Karantini haikuwa ya wagonjwa, wagonjwa walitengwa kivyao. Karantini ni ya yule ambaye amekaribiana na mgonjwa ama ametoka mahali ugonjwa uko, na siku zilikuwa 14 kwa sababu virusi vinaweza kujificha mwilini karibu muda huo kabla dalili zionekane. Yaani unafungiwa ukiwa mzima, kwa sababu ya kitu ambacho huenda unacho na huenda huna.

Na hilo neno "huenda" ndilo sumu yenyewe. Kuna watafiti wa chuo kikuu kimoja London walifanya jaribio la ajabu kidogo, matokeo wakayatoa mwaka wa 2016. Waliweka watu 45 wacheze mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe, chini ya jiwe kunaweza kuwa na nyoka ama kusiwe na kitu, na nyoka akitokea mchezaji anapigwa shoti ya stima kwa mkono. Ungedhani aliyekuwa na wasiwasi zaidi ni yule anayejua kabisa kwamba nyoka yuko na shoti inakuja. Wapi! Jasho lilitoka zaidi pale nafasi ilikuwa nusu kwa nusu. Mwili unaweza kujipanga kwa jambo baya linalojulikana, lakini hali ya labda ndiyo labda hapana inauacha umesimama tayari kwa vita usiku na mchana, homoni za msongo ziko juu, moyo mbio, tumbo limekaza, na ukikaa hivyo siku nyingi lazima uchoke akili.

Sasa chukua hiyo uilete kwa karantini zetu. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya mwezi kuisha waliokuwa wanatua kutoka nje walikuwa wanapelekwa moja kwa moja kwa mahoteli na mabweni ya vyuo, gharama juu yao. Siku zikahesabiwa, watu wakafika karibu na mwisho, halafu ikatangazwa kwamba mahali ambapo mtu mmoja amepatikana na virusi, wote wanaongezewa siku zingine 14. Fikiria wewe ulikuwa umeshafunga begi. Siku 14 za kwanza mtu anaweza kuzivumilia kwa sababu anajua ataishika ya mwisho, lakini zikishaongezwa mara moja akili haiamini tena tarehe yoyote, hata ukiambiwa ni kesho unasubiri tu kuona. Watu wakaruka ua wakatoroka, tukawacheka kwa simu zetu, na mimi naona kicheko kile hakikuwa cha haki.

Tena kulikuwa na bili. Kwa vituo vya serikali ilikuwa kama shilingi 2,000 kwa siku, kwa hivyo mtu amelala pale anasikia deni likipanda kama mita ya teksi, na nje kibarua kimesimama. Mwezi wa Mei serikali ikasema italipia waliokuwa kwa vituo vyake, lakini kufikia hapo wengi walikuwa wameshapoteza usingizi wa kutosha.

Halafu kuna upweke, na hapa watu wengi hudhani ni mambo ya hisia tu za watu laini. Huko Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha MIT walichukua watu 40, wakawafungia kila mmoja peke yake saa 10 bila kuongea na mtu, na siku nyingine wakawanyima chakula saa 10 vilevile. Kisha wakawaonyesha picha huku wakiangalia ubongo wao kwa mashine. Sehemu ileile ndani kabisa ya ubongo iliyowaka mwenye njaa alipoona picha ya chakula ndiyo iliwaka kwa yule mpweke alipoona picha ya watu wakipiga stori. Saa 10 tu! Kwa hivyo ubongo unaona kukosa watu ni kama kukosa ugali, si anasa, ni hitaji, na huwezi kumwambia mtu mwenye njaa akaze roho ashibe. Simu inasaidia lakini nayo inataka bando, na ukiwa na mawazo kuna watu ukiwapigia wanakuuliza maswali hadi unajuta.

Usingizi nao uliharibika kwa sababu rahisi tu. Saa ya mwili hujiseti kwa mwanga wa asubuhi na kwa kazi. Mama wa omena huku kwetu anajua siku imeanza boti zikirudi alfajiri, anapokea, anaanika, anageuza jua likipanda, mchana yuko sokoni. Mfungie kwa chumba chenye dirisha moja na siku haina kichwa wala mkia, analala saa nane mchana, saa nane usiku macho kodo. Ndiyo maana wengi walisema wiki moja ilikuwa kama mwezi. Na si huku peke yake, Uingereza watu walipoulizwa wakati wa kufungiwa kwao mwaka huohuo, zaidi ya asilimia 80 walisema muda haukuwa unaenda kama kawaida, kwa wengine ulikimbia, kwa wengine ulikwama.

Lakini nikiambiwa nichague kitu kimoja kilichotuharibia zaidi hapa Kenya, nitasema ni ile siku karantini iligeuzwa adhabu. Ukishikwa nje saa za kafyu, karantini. Ukishikwa bila barakoa, karantini. Kutoka hapo hakuna mtu angekuambia hii ni kinga, ilikuwa jela yenye kipimajoto, na mtu akianza kukohoa anaficha, anakunywa dawa yake ya mwarobaini na tangawizi kimyakimya ndani ya nyumba, kwa sababu anajua ambulensi ikiingia kwa ploti na wale watu wamevaa nyeupe kutoka kichwa hadi miguu, jina lake limeisha. Aprili 2020 huko Siaya mtu alizikwa usiku na maafisa waliovaa hivyohivyo, haraka haraka, na picha zikasambaa nchi nzima. Kwa jamii zetu za huku, mahali ambapo kumsindikiza marehemu ni kazi ya siku kadhaa na ukoo mzima unakuja, ile picha ilitisha watu kuliko virusi.

Na doa halikuisha siku ya kutoka. Jirani yetu mmoja pale mtaa wa Manyatta, mwuza samaki, alirudi na barua yake ya kuonyesha hana virusi, akaibandika kwa meza yake ya sokoni kabisa watu waisome. Wateja walikuja, lakini waliweka pesa kwa beseni ya maji ya sabuni badala ya kumpa mkononi, na samaki waliyemtaka walimwonyesha kwa kidole, yule pale, weka tu hapo, asante. Hakuna aliyemtukana. Akufukuzaye hakwambii toka. Watoto wake ndio waliulizwa na wenzao kama mama yao bado anatoa Korona, na hapo ndipo alianza kukaa nyumbani bila mtu kumlazimisha, karantini ya pili ambayo hakuna daktari aliandika.

Madaktari walikuwa wanajua haya tangu zamani, hilo ndilo hunikasirisha. Baada ya SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii moja na Korona, wa mwaka wa 2003, watu 129 wa Toronto, Kanada, waliokuwa wamewekwa karantini waliulizwa hali yao, na karibu asilimia 29 walikuwa na dalili za kiwewe, asilimia 31 na dalili za huzuni nzito, na waliokaa siku nyingi ndio walioumia zaidi. Beijing nako, wafanyakazi wa hospitali waliopitia karantini ya ugonjwa huohuo walikuwa na dalili zaidi kuliko wenzao hata miaka 3 baadaye. Na Februari 2020, kabla Kenya ipate kisa chochote, jarida la kitabibu la Lancet lilikuwa limetoa ripoti iliyokusanya tafiti 24 za aina hii, na ushauri wake ulikuwa wa kawaida sana: siku ziwe chache iwezekanavyo na zisiongezwe ovyo, watu waelezwe sababu, wapewe chakula na mawasiliano, na washukuriwe kwa sababu wanakaa ndani ili kulinda wengine. Hiyo ya kushukuriwa ndiyo tuliikosa kabisa, nani alimwambia mtu asante?

Kuanzia Juni 2020 wenye dalili kidogo walianza kuruhusiwa kujitenga nyumbani, ikapunguza ile hofu ya kubebwa. Mwaka uliofuata wakati aina ya Korona iitwayo Delta ilitupiga na kaunti 13 za huku Ziwa na Magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja jioni, wengi walikuwa wanajiuguzia kwa nyumba. Shida ni kwamba kujitenga nyumbani kulipangwa na mtu mwenye vyumba vitatu. Mitaa kama Nyalenda hapa Kisumu ama Kaptembwo kule Nakuru, familia ya watu sita iko kwa chumba kimoja na pazia katikati, utajitenga na nani? Upweke ukaisha, mahali pake pakaingia hatia, mtu anahesabu kila kikohozi cha mtoto usiku akijiuliza kama ni yeye amemwambukiza.

Kwa hivyo kama una mtu wako aliyepitia hayo na hadi leo hapendi mikusanyiko, ama ananawa mikono hadi ngozi inatoka, ama akisikia ambulensi anabadilika, usimwambie hayo yalipita. Muulize ilikuwaje, na umwache aongee hata kama ni stori ndefu. Ikizidi, hospitali za kaunti zina washauri, na Msalaba Mwekundu wana laini ya 1199 ya kuongea na mtu, kupiga ni bure. Na siku ugonjwa mwingine ukija na jirani aambiwe akae ndani, mpigie saa ileile kila siku ajue kuna simu ya jioni, mwachie sukuma na unga mlangoni, na akitoka uwe mteja wake wa kwanza na pesa umpe mkononi.